Nani Aamuaye Ombi Lako la Kujenga?

(Haya ni maneno ya hotuba iliyotolewa na afisa mmoja wa mipango ya ardhi mbele ya wenyeji wa Kilungu, Makueni.)



Leo nataka kusema nanyi habari ya ruhusa ya kujenga. Najua ya kuwa si habari ya kupigiwa ngoma, walakini ni habari iletayo magomvi mengi katika masoko yetu na katika vijiji vyetu. Yuko mtu aliyeweka akiba yake kidogo kidogo kwa miaka mingi, akanunua kiwanja karibu na soko la Nunguni, akaleta mawe na mchanga, kisha akapewa karatasi isemayo kwamba kazi isimame. Yuko na jirani yake, ambaye aliamka asubuhi akaona ukuta unapanda juu ya kisima chake, naye hakuulizwa neno. Wote wawili husema maneno yale yale: "Wakubwa wameamua." Basi tuulizane: ni wakubwa gani hao? Waliamua kwa kipimo gani? Na mtu wa kawaida ana nafasi gani ya kusema kabla ya uamuzi kutoka?

Kwanza nitajibu swali ambalo wazee huliuliza kila mara. Husema, "Shamba ni langu, hati ninayo, na baba yangu alizikwa hapo. Kwa nini niombe ruhusa?" Swali hili si la ujinga. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 40, yalinda mali ya mtu. Lakini Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 66, yaipa Serikali uwezo wa kuongoza matumizi ya ardhi kwa ajili ya usalama wa watu, afya yao, na mipango mema ya ardhi. Maana yake ni kwamba shamba ni lako, lakini yale yatokayo shambani mwako na kumwangukia mwenzako si yako peke yako.

Nanyi watu wa Kilungu mwalijua jambo hili kuliko watu wa nchi tambarare. Hapa kwetu karibu kila mtu ana mtu aliye juu yake na mtu aliye chini yake. Wazee waliopo wanakumbuka, au wamesimuliwa na baba zao, jinsi matuta yalivyochimbwa katika Ukambani miaka ya 1950 kwa mwethya, watu wakitoka shamba hili kwenda lile. Tuta la mtu mmoja halizuii kitu ikiwa jirani wa juu hana tuta. Nyumba nayo ni hivyo hivyo. Paa la bati lenye eneo la mita 100 za mraba, likipata mvua ya milimita 50, humwaga lita 5,000 za maji, yaani mapipa 25 ya lita 200. Maji hayo zamani yalinywewa na majani na udongo. Sasa yashuka kwa pamoja, tena mahali pamoja, na aliye chini ndiye ayapokeaye. Kanuni za ukulima za mwaka 1965 zilikataza mtu kulima mahali ambapo ardhi yashuka zaidi ya futi 35 katika kila futi 100. Ikiwa jembe lilikatazwa mahali kama hapo, mwaonaje nyumba ya mawe ya ghorofa tatu?

Katika miji, hatari yaonekana upesi zaidi. Tarehe 29 Aprili, mwaka 2016, jengo la ghorofa sita lilianguka katika mtaa wa Huruma, Nairobi, baada ya mvua kubwa. Watu zaidi ya 40 walikufa. Jengo lile lilikuwa karibu na mto, na viongozi walisema kwamba lilijengwa bila kibali. Waliokufa walikuwa wapangaji. Hawakuchora ramani, hawakuchanganya saruji, wala hawakuulizwa.

Sasa nije katika habari ya waamuzi. Zamani Kilungu ilikuwa katika Wilaya ya Machakos, na baraza la wenyeji lilianza huko mwaka 1925. Tangu mwaka 1950 mabaraza ya namna hiyo yaliitwa Halmashauri za Wilaya za Waafrika. Makueni ilitengwa na Machakos mwaka 1992 ikawa wilaya yenyewe. Sheria ya Mipango ya Ardhi ya mwaka 1996 iliwapa mabaraza ya miji na ya wilaya kazi ya kutoa ruhusa za kujenga, na wazee wengi bado wanawakumbuka madiwani wa siku hizo. Mabaraza hayo yalikwisha mwaka 2013, serikali za kaunti zilipoanza. Tena mwaka 2019 ikatoka sheria mpya, Sheria Namba 13 ya mwaka huo, ihusuyo mipango na matumizi ya ardhi, nayo ikaifuta ile ya 1996. Hii ya 2019 ndiyo tuifuatayo.

Katika sheria hii, mwenye kuamua ni mjumbe wa kamati kuu ya kaunti aliyewekwa juu ya mambo ya ardhi, yule ambaye watu humwita waziri wa kaunti. Hukata shauri kwa kusaidiwa na maofisa wa mipango, na makao ya kazi hiyo kwetu ni Wote. Hapa yafaa niseme wazi, kwa maana watu wengi hupoteza nauli na wakati kwa kubisha mlango usio wake. Chifu hawezi kukupa ruhusa ya kujenga. Mwakilishi wa wadi hali kadhalika. Kazi yake ni kutunga sheria za kaunti na kuangalia jinsi serikali ya kaunti ifanyavyo kazi. Aweza kukusaidia kuuliza faili yako imefika wapi, na hilo ni jema, lakini neno lake si kibali. Na mtu awaye yote akikuambia ya kuwa "atakuongelea" kwa malipo, jua ya kuwa anauza kitu asichokuwa nacho.

Liko na jambo la Bodi ya Ardhi, ile ya sheria ya mwaka 1967, ambayo mwenyekiti wake ni naibu kamishna wa kaunti. Bodi hiyo hukubali au hukataa kuuzwa, kugawanywa, au kuwekwa rehani kwa mashamba ya ukulima. Mtu aliyepata karatasi ya Bodi huenda nyumbani akifurahi, akidhani amemaliza. Hajamaliza. Akitaka kugawa shamba vipande vipande, au kuligeuza kutoka ukulima likawa la maduka, hana budi kupata na ruhusa ya kaunti. Milango ni miwili, na ufunguo wa mmoja haufungui wa pili.

Basi tuifuate faili moja tuone iendavyo. Tuseme mtu ana kiwanja kando ya barabara karibu na Nunguni, naye ataka kujenga ghorofa tatu, maduka chini na vyumba vya kupanga juu. Atajaza fomu iliyowekwa, atalipa ada, na ataleta michoro iliyofanywa na watu wenye ujuzi ulioandikishwa. Tena ataleta uthibitisho kwamba ardhi ni yake, na hapa ndipo wengi hukwama. Hati nyingi katika milima hii bado zina jina la babu aliyekwisha kufariki, na hakuna aliyekwenda mahakamani kwa habari ya urithi. Afisa wa mipango hawezi kuliponya jambo hilo. Wala haifai ndugu mmoja ajenge akisema, "Wengine wamenikubalia kwa mdomo," kwa sababu wengine hao wana watoto, na watoto hawakuwapo siku ya kukubaliana.

Faili ikiisha kupokewa, sheria yataka nakala zipelekwe katika muda wa siku 7 kwa idara zinazohusika: barabara, afya, kilimo, upimaji, mazingira, kazi za ujenzi, na nyingine kwa kadiri ya jambo lenyewe. Idara hizo zina siku 14 za kuleta maneno yao. Watu huona kwamba huku ni kuzungushwa bure, lakini fikirini kila mmoja atazama nini. Wa barabara hutazama kama ukuta umeingia katika njia, na kama magari yatakayosimama dukani yatawaziba wengine. Wa afya huuliza choo kitachimbwa wapi, na chemchemi iko upande gani wa choo hicho. Katika nchi ya mteremko swali hili ni kubwa kuliko urefu wa jengo. Wa mazingira hupima kutoka mtoni. Kanuni za mwaka 2009 zataka ukingo wa mto ulindwe kwa mita zisizopungua 6 na zisizozidi 30 kila upande, zikihesabiwa kutoka mahali ambapo maji yalipata kufika yalipojaa kabisa. Kwa hiyo asije mtu kupima mwezi wa Septemba, Mto Kaiti ukiwa umebaki mchanga, akasema yuko mbali na maji! Wa kazi za ujenzi hutazama vyuma, misingi na nguzo.

Baada ya hayo, mwenye kuamua hapimi kwa mapenzi yake. Sheria, katika kifungu cha 61, yamfunga. Yampasa kufuata mipango ya ardhi iliyokwisha kukubaliwa, iwe ya nchi, ya kaunti, au ya mji. Yampasa kuangalia mazingira, na huduma za watu wote kama maji, njia na shule. Yampasa kuyaangalia maneno ya zile idara. Na yampasa, angalieni sana neno hili, kuyaangalia maneno ya watu wa mahali pale ambapo jengo litakuwa. Si hisani. Imeandikwa.

Ndiyo maana mwombaji ametakiwa na sheria kuwatangazia watu kwamba ataka kufanya kitu fulani mahali fulani, na tangazo hilo liwaalike wenye kupinga wapeleke maneno yao kwa serikali ya kaunti. Basi mwonapo ubao au karatasi ya tangazo kwenye kiwanja, msipite kama mpitavyo matangazo ya mchezo wa mpira. Someni. Ikiwa mama au mzee hawezi kusoma, kijana amsomee. Tangazo ndilo linalofungua mlango wa jirani, nao haukai wazi siku nyingi.

Lakini jirani naye yampasa kujua neno lipi lina uzito. Nimepata kusoma barua za kupinga zilizojaa hasira, kurasa tatu, na ndani yake hamna kitu cha kupimwa. Mmoja husema, "Mtu huyu si wa ukoo wetu." Mwingine husema, "Ataninyang'anya wateja." Wa tatu husema, "Tangu zamani ana majivuno." Maneno haya hayamsaidii mwenye kuamua, maana ukoo si kipimo cha mipango ya ardhi, biashara ina ushindani siku zote, na majivuno hayana fomu. Walakini mtu akiandika, "Kisima changu kiko hatua 20 chini ya mahali palipochorwa choo, familia sita huchota hapo, naomba afisa wa afya aje aone kabla ya kuamua," barua hiyo ni ya mistari mitatu tu, nayo yaweza kubadilisha jengo zima. Hali kadhalika akisema njia ya watoto kwenda shule itazibwa, au maji ya paa hayakuonyeshwa yatakwenda wapi, au jengo halipatani na mpango wa mji uliokubaliwa. Semeni juu ya ardhi, maji, njia, mwanga na usalama. Mwenye jengo mwacheni.

Na andikeni. Kilio cha sokoni hakiingii katika faili. Peleka barua mkononi, uwe na nakala yako, nayo ipigwe mhuri wa tarehe iliyopokewa. Ukitaka kujua faili imefika wapi, una haki ya kuuliza. Sheria ya mwaka 2016 juu ya kupata habari yampa mwananchi haki ya kuomba habari zilizo katika ofisi ya umma, na jibu lapaswa kutoka katika siku 21.

Sasa nasema jambo ambalo mwombaji hulipenda na jirani hulisahau. Sheria ya mwaka 2019 yasema hivi: mwombaji asipopata jibu la maandishi katika siku 60, ruhusa itahesabiwa kana kwamba imetolewa. Kwa mwombaji hii ni kinga. Zamani faili iliweza kulala kabatini mwaka na nusu, mchanga ukachukuliwa na mvua na mkopo ukazaa riba, na hakuna aliyeulizwa kwa nini. Siku 60 zinamtaka afisa afanye kazi. Lakini kwa jirani, hasa yule wa chini ya mlima, ni kisu chenye makali. Ofisi ikinyamaza, kwa uvivu au kwa wingi wa kazi au kwa sababu mbaya kuliko hizo, jengo laweza kupata ruhusa bila mtu hata mmoja kuipima choo wala kisima. Kwa maoni yangu hiki ni kifungu kigumu, kwa maana chamwadhibu jirani kwa kosa la karani. Lakini ndicho kilichopo. Kwa hiyo jirani aliyeona tangazo asikae akifikiri kwamba kimya cha Wote ni kukataa. Na ahesabu siku.

Jibu likitoka, laweza kuwa la namna tatu. Laweza kuwa ndiyo. Laweza kuwa ndiyo yenye masharti, kwa mfano kwamba maji ya paa yakusanywe katika tangi, au ghorofa zipunguzwe, au ukuta urudi nyuma ya barabara. Masharti hayo si mapambo. Anayeyavunja aweza kunyang'anywa ruhusa yenyewe. Au jibu laweza kuwa hapana, na hapo sheria yaamuru sababu ziandikwe. Ukiambiwa kwa simu, "Imekataliwa," usikubali kuondoka na neno hilo tu. Omba karatasi. Bila sababu zilizoandikwa huwezi kujua urekebishe nini, wala huwezi kukata rufani.

Wale wajengao kwanza na kuuliza baadaye, wasije wakasema hawakuambiwa. Sheria haikusema "mjini". Ilisema "katika kaunti", nayo Kilungu yote imo katika kaunti. Anayeanza bila ruhusa aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa miezi isiyozidi miwili, au yote mawili. Tena ataamriwa kuirudisha ardhi kama ilivyokuwa katika siku 90. Mwaona wenyewe ya kuwa hilo la mwisho ndilo zito. Faini hulipwa ikaisha, lakini nani ataurudisha mlima uliokwisha kukatwa?

Namalizia na rufani, maana ndipo watu wengi hushindwa kwa kuchelewa tu. Asiyeridhika na uamuzi aweza kupeleka rufani kwa kamati ya kaunti iliyowekwa kusikiliza mashauri ya mipango ya ardhi. Muda wake ni siku 14 tangu uamuzi, nayo kamati ina siku 14 za kusikiliza na kukata shauri. Asiporidhika tena, iko Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo huketi hata hapa Makueni.

Na nani aweza kukata rufani? Hapa Kenya imewapita wengine. Katika Uingereza, ambako sheria kubwa ya mipango ya miji na mashamba ilitungwa mwaka 1947, maombi makubwa huamuliwa na madiwani wakiwa wameketi katika kamati, na jirani aweza kuandika, na mara nyingi kuruhusiwa kusema dakika chache. Lakini ruhusa ikiisha kutolewa, jirani hana rufani kwa habari ya uzuri au ubaya wa jengo. Rufani ni ya mwombaji aliyekataliwa. Sheria yetu ya 2019 yampa nafasi hiyo mwombaji na yeyote mwenye jambo linalomgusa. Mama mwenye kile kisima ana mlango ule ule alio nao tajiri mwenye ghorofa.

Siku 14 ni chache. Mvua zikinyesha na barabara ikiharibika, kwenda Wote na kurudi ni siku moja iliyopotea. Tena mtu ahitaji kupata sababu za maandishi, kushauriana na nyumba yake, na kuandika. Kwa hiyo nawashauri hivi: mkisikia kwamba uamuzi uko karibu, chagueni mapema watu wawili miongoni mwenu, mmoja ajuaye kuandika vizuri na mmoja asiyechoka kutembea, nao wawe na nakala ya ile barua ya kwanza yenye mhuri. Uamuzi ukitoka Jumatatu, Jumanne wawe njiani.